SOMO: Kwa Nini Damu ya Aliyeumwa na Kifutu Haikatiki



Katika robo hii tunaacha kidogo habari za visima na mbuzi wa maziwa ili kujibu swali tulilopewa na kamati ya Nyamigogo, huku Ngara na Biharamulo zinakokutana. Tulikuwa tunapitia bajeti ya huduma ya kwanza, mzee mmoja akasimama akauliza: ikiwa meno ya kifutu huacha matundu mawili tu, kama ya sindano ya kushonea magunia, damu inayotoka puani, kwenye fizi na kwenye mkojo inapitia wapi? Na kwa nini haigandi? Tulimwahidi jibu la maandishi, nalo ndilo hili.

Swali hilo halikuzuka hivi hivi. Miezi michache kabla ya kikao, mama mmoja mjane alikuwa akikata majani ya kutandaza kwenye migomba yake. Alishika fungu la majani kwa mkono wa kushoto, na kifutu alikuwa humo. Majirani walimfunga kamba ya mgomba juu ya kiwiko, wakamchanja kwa wembe, kisha wakabandika jiwe jeusi. Jiwe lile lilitoka katika sanduku la huduma ya kwanza ambalo sisi wenyewe, ofisi ya miradi, tulilinunua na kuligawa. Damu ya zile chale ilitoka usiku kucha. Alifikishwa hospitali siku ya pili kwa baiskeli. Aliishi, lakini vidole vitatu na sehemu ya kiganja vilikatwa. Hatuandiki haya kuilaumu familia wala majirani. Kama yupo wa kulaumiwa, tuanze na sanduku letu.

Wasomaji wengine watauliza mambo ya maabara yanahusianaje na kamati ya usharika. Tunaomba mvumilie. Tumegundua kwamba mtu akielewa jinsi sumu inavyofanya kazi, hahitaji kukariri orodha ya makatazo. Anaona mwenyewe kwa nini wembe ni hatari na kwa nini saa moja ya njiani ina thamani.

Ukuta uliojengwa juu ya mkeka

Sumu ya nyoka si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa protini nyingi, na kila jamii ya nyoka ina mchanganyiko wake. Koboko na baadhi ya swila wana sumu inayoshambulia zaidi mishipa ya fahamu. Mgonjwa hulegea kope, hushindwa kumeza, mwishowe hushindwa kupumua, bila kutokwa damu. Kifutu na jamaa zake wana sumu inayoharibu nyama na mishipa ya damu. Sehemu kubwa ya protini hizo ni vimeng'enya, yaani protini zenye kazi ya kukata au kuunganisha vitu vingine mwilini. Sisi sote tunavyo: vilivyo tumboni vinasaga maharage tuliyokula mchana. Kimeng'enya kimoja kikishakata hakiishi, huendelea kukata kingine na kingine. Ndiyo maana tone dogo la sumu linaweza kufanya kazi kubwa.

Sasa tuangalie kinachokatwa. Mishipa midogo kabisa ya damu, ambayo shuleni tuliiita kapilari, ina ukuta mwembamba sana. Ukuta huo ni safu moja ya seli zilizolala bapa, na seli hizo zimekalia utando uliofumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni ya aina ya 4, pamoja na protini nyingine. Mfikirie mkeka wa mafunjo uliokunjwa kuwa bomba, na ndani yake umepakwa udongo laini. Udongo peke yake hauwezi kuhimili maji yanayopita kwa nguvu. Kinachoshikilia ni mkeka.

Sumu ya kifutu hukata ufumaji wa mkeka huo. Watafiti wa Taasisi ya Clodomiro Picado huko Costa Rica, akiwemo José María Gutiérrez, wameeleza kwamba jambo hili lina hatua mbili. Kwanza kimeng'enya hukata nyuzi za kolajeni, na wakati huo mshipa bado ni mzima ukiutazama. Kisha msukumo wa damu, ule ule wa kila siku unaotokana na mapigo ya moyo, huutanua ukuta uliodhoofika mpaka unapasuka. Kwa maneno mengine, sumu haitoboi mshipa. Huulegeza, na damu yetu wenyewe ndiyo inayomalizia. Haya hutokea ndani ya dakika chache pale penye jeraha, na sumu ikisambaa hutokea pia kwenye fizi, pua, figo na utumbo. Hilo ndilo jibu la nusu ya kwanza ya swali la mzee wetu: damu haitoki katika matundu mawili ya meno, inatoka katika maelfu ya mishipa midogo ambayo jino halikuifikia kabisa.

Makali ya zinki

Vimeng'enya vinavyokata mkeka huo huitwa metaloprotinasi, yaani vikata protini vyenye metali. Metali yenyewe ni zinki. Ni chembe moja tu ya zinki katikati ya protini yenye maelfu ya atomu, lakini bila hiyo hakuna kinachokatwa. Zinki hiyo imeshikwa na sehemu tatu za protini ziitwazo histidini, kama chungu kilichokaa juu ya mafiga matatu. Pembeni yake hukaa molekuli ya maji. Zinki, ikisaidiwa na asidi jirani iitwayo glutamate, huichochea molekuli ile ya maji ishambulie kiungo cha uzi wa protini, na uzi hukatika. Hivyo basi, ukitaka kusema kweli kabisa, kinachokata ni maji yaliyotiwa ukali na zinki.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1978. Jon Bjarnason na Anthony Tu walitenganisha sumu tano za kutoa damu kutoka kwa nyoka wa Marekani, jamii ya wale wenye njuga mkiani, wakakuta zote zina zinki. Walipoiondoa zinki katika mojawapo ya sumu hizo, nguvu ya kukata protini ilipotea, na nguvu ya kutoa damu ikapotea pamoja nayo. Tunawaomba mlikumbuke jaribio hilo, kwa sababu tutalirudia tutakapofika Kilifi. Mwaka 1993 watafiti wa Ulaya walipata kwa mara ya kwanza picha ya umbo la kimeng'enya cha jamii hii, atomu kwa atomu, kwa kupiga miale ya eksirei katika fuwele za protini.

Lakini makali peke yake hayaelezi kila kitu. Metaloprotinasi za nyoka ziko za aina tatu kubwa. Aina ya kwanza ni ndogo, ina sehemu ya kukatia tu. Aina ya pili ina sehemu ya kukatia na kipande cha ziada. Aina ya tatu ni kubwa, ina sehemu ya kukatia na mkia wenye vipande viwili zaidi. Zote zina zinki ile ile, na ndani ya chupa ya maabara zote zinakata. Hata hivyo, kwa uzito ule ule, aina ya tatu kwa kawaida hutoa damu zaidi sana kuliko ya kwanza. Kwa nini?

Mwangalieni mkata majani. Mkono mmoja unashika fungu, mkono mwingine una mundu. Mtu mwenye mundu lakini asiye na mkono wa kushikia atapunga hewani, atakata jani hapa na jani pale, jioni hana mzigo. Aina ya kwanza ya kimeng'enya ni mundu bila mkono wa kushikia: husambaa ovyo katika nyama. Aina ya tatu ina mkono. Vipande vya mkiani mwake hunasa kwenye ukuta wa mishipa midogo, hivyo makali hubaki pale pale penye mkeka. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha umbo zima la kimeng'enya cha aina hiyo, nacho kimepinda kama herufi C, hata ncha ya mkia inatazamana na mahali ilipo zinki. Mkono na mundu vinaelekezana. Tulipoiona picha hiyo katika kitabu, mmoja wetu, aliyekulia kwenye kukata majani, alicheka akasema huyo anajua kazi.

Ipo pia sababu ya pili. Damu yetu ina mlinzi, protini kubwa iitwayo alfa-2-makroglobulini. Kimeng'enya kinapouma chambo kilicho juu yake, protini hiyo hujifunga kama mtego wa panya na kukifungia ndani. Aina ya kwanza, kwa kuwa ni ndogo, mara nyingi hunaswa. Aina ya tatu kwa kawaida huponyoka, huendelea kuzunguka mwilini, na ndiyo hutoa damu mbali na jeraha.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari alituuliza kwa nini nyoka mwenyewe hajikati. Swali zuri. Tezi ya sumu hutengeneza kimeng'enya kikiwa ndani ya ala. Kipande cha protini hukaa juu ya zinki na kuiziba, na ndani ya tezi kuna sitreti na viambato vingine vinavyozuia makali yasifanye kazi. Ala huondolewa baadaye.

Fuko lililotumika kwa vitu vidogo

Nusu ya pili ya swali ni kwa nini damu haigandi. Hapa wengi hudhani sumu huifanya damu kuwa nyepesi kama maji. Ukweli ni wa ajabu kidogo: kwa nyoka wengi, damu haigandi kwa sababu imeshagandishwa vibaya.

Katika damu yetu imo protini iitwayo faibrinojeni, inayotengenezwa na ini na kusubiri ajali. Tukijikata, kimeng'enya chetu kiitwacho thrombini hukata vipande vidogo kwenye sehemu mbili za faibrinojeni, nayo hugeuka nyuzi zinazoshikana. Thrombini hiyo hiyo huamsha kingine kinachozifunga nyuzi ziwe imara. Chembe sahani za damu hujikusanya hapo, jeraha likazibika.

Sumu za nyoka wengi wa jamii ya kifutu zina vimeng'enya vinavyofanana na thrombini. Hivi havitumii zinki. Makali yake ni asidi amino tatu zinazokaa pamoja, histidini, aspatiki na serini, ndiyo maana huitwa protinasi za serini. Vinafanana na thrombini vya kutosha kuikata faibrinojeni, lakini havifanani nayo vya kutosha kuikata sawasawa. Vingi hukata upande mmoja tu, na haviamshi kile kifungaji. Nyuzi zinazotokea ni dhaifu, mwili huziyeyusha mara moja, na faibrinojeni inayofuata hukatwa vivyo hivyo mpaka akiba inakwisha.

Nyoka wengine hupitia njia nyingine. Katika sumu yao kuna metaloprotinasi ya aina ya tatu ambayo, badala ya kukata mkeka, huiamsha prothrombini yetu kuwa thrombini, bila jeraha lolote la kuziba. Mwili huganda na kuyeyuka kote kote kwa wakati mmoja. Wanakamati wanalifahamu jambo hili kwa sura nyingine: fuko la usharika lililotumika kununua misumari kila wiki, halafu paa linaezuliwa na upepo na sandukuni hamna kitu.

Anayejulikana sana kwa njia hiyo ni nyoka wa mitini aitwaye boomslang, mwenye macho makubwa, ambaye yupo pia Tanzania. Kwa muda mrefu wataalamu hawakumwona kuwa wa hatari, kwa kuwa meno yake ya sumu yako nyuma na mara nyingi hukimbia. Tarehe 25 Septemba 1957, huko Chicago, mtaalamu mkubwa wa nyoka Karl Schmidt aliumwa kwenye kidole gumba na boomslang mdogo. Hakuona hatari kubwa, akaendelea kuandika dalili zake: kichefuchefu, baridi, damu kwenye fizi, damu kwenye mkojo. Asubuhi ya pili alijisikia nafuu akala kifungua kinywa. Mchana akafa. Uchunguzi ulionyesha damu imevuja katika mapafu, figo, moyo na ubongo. Tunawasimulia kisa hiki kwa sababu ya ile asubuhi ya nafuu. Kwa sumu ya namna hii mgonjwa anaweza kukaa siku nzima akizungumza na wageni huku akiba yake inakwisha. Tukisikia mtu kaumwa jana na leo anaonekana mzima, hiyo si sababu ya kughairi safari ya hospitali.

Kifutu wetu anatumia zaidi njia ya mkeka, na anaongeza moja. Sumu yake ina protini fupi, ambayo si kimeng'enya, iitwayo bitistatini. Ina kitanzi kidogo cha asidi amino tatu kinachoingia katika mahali ambapo chembe sahani hushikania mikono. Mahali pakishazibwa, chembe hazishikani. Wakati mwingine idadi yake pia hushuka sana. Mshipa umelegea, na wazibaji wamefungwa mikono. (Kitanzi kama hicho, kutoka kwa nyoka wengine, ndicho kilichowapa watengenezaji wa dawa mfano wa tirofiban na eptifibatide, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa wagonjwa wa moyo. Na captopril, dawa ya presha ambayo baadhi yenu mnaimeza kila siku, ilianzia katika utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil.)

Mrija wa kioo na dakika 20

Kwa zahanati zetu, sehemu hii ndiyo yenye faida ya haraka. Kipo kipimo cha kuganda kwa damu kisichohitaji umeme wala mashine. Mganga huchukua mililita 2 za damu ya mshipa, huziweka katika mrija mpya wa kioo, mkavu na safi, huuacha umetulia kwa dakika 20, kisha huulaza mara moja. Damu ikitiririka bado, faibrinojeni imekwisha. Mrija lazima uwe wa kioo, kwa sababu ukuta wa kioo ndio unaoanzisha kuganda, plastiki haifai. Mrija uliooshwa kwa sabuni nao hudanganya. Tumewahi kuona mirija inaoshwa na kuanikwa juani kwa nia njema ya kubana matumizi. Tunaomba isiwe hivyo kwa kipimo hiki.

Lakini wale waliofuata somo tangu mwanzo wataona kasoro. Kipimo kinaangalia akiba ya faibrinojeni, hakiangalii mkeka. Mgonjwa wa kifutu anaweza kuwa na damu inayoganda vizuri kwenye mrija huku anavuja kwenye fizi, mkono umevimba mpaka begani na malengelenge yamejaa damu. Mrija ukisema damu imeganda, hatusemi sumu haimo. Tunaendelea kumwangalia mgonjwa kwa saa 24, na kipimo hurudiwa.

Wembe, kamba na jiwe

Turudi kwa mama yetu. Wembe ulimfungulia milango mipya ya damu wakati mwili hauna uwezo wa kuifunga. Kamba iliyokazwa ilizuia damu isipite, na ikaibakiza sumu ya kukata nyama mahali pamoja, mkononi, ambako ilifanya kazi yake yote. Kuhusu jiwe jeusi tunasema kwa unyenyekevu, kwa sababu mawe haya yamesambazwa Afrika na wamisionari na mashirika ya kanisa, nasi tukiwemo. Jiwe hilo kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Linanata kwa kuwa lina vinyweleo vinavyofyonza majimaji. Halina njia ya kumfuata mundu ambao umekwisha kunasa kwenye ukuta wa mshipa. Mwaka 2007 lilichapishwa jaribio la jiwe hilo kwa panya walioingiziwa sumu za nyoka wa Afrika, na halikuwasaidia.

Mbona basi wapo watu wengi wanaoapa kwamba liliwaponya? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati yao wanaoingiwa na sumu ni milioni 1.8 hadi 2.7. Yaani karibu nusu au zaidi ya walioumwa hawakupata sumu, ama kwa sababu nyoka hana sumu, ama aliuma bila kuimwaga. Hao wangepona hata kwa kubandikwa ganda la ndizi. Jiwe huchukua sifa zao. Kwa makadirio hayo hayo, wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao.

Linalofaa kufanywa nyumbani ni kidogo. Avuliwe pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba. Kiungo kifungwe banzi kisitikisike, bila kukaza. Abebwe, asitembee. Asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo nazo hulegeza chembe sahani. Paracetamol inatosha kwa maumivu. Asidungwe sindano ya msuli. Akitemewa sumu machoni na swila, aoshwe kwa maji mengi. Na hakuna haja ya kumsaka nyoka ili apelekwe hospitali, maana tumeshasikia safari hiyo ikirudi na wagonjwa wawili.

Kinachozuia vimeng'enya hivi ni seramu ya kuzuia sumu, ambayo ni kingamwili zilizotengenezwa katika damu ya farasi. Kingamwili hufuata umbo: huishika protini inayoifahamu na kuiacha nyingine. Ndiyo sababu seramu ya mchanganyiko inayotengenezwa Afrika Kusini, ambayo humkabili kifutu, koboko na swila kadhaa, haimkabili boomslang. Huyo ana seramu yake peke yake. Seramu hushika sumu inayozunguka, lakini haisuki upya mkeka uliokatwa wala hairudishi nyama iliyokufa. Mama yule alipewa siku ya pili, na ikamwokoa maisha. Vidole vilikuwa vimeshakwenda. Aidha, kumwongezea damu bila seramu ni kumimina maji katika mtungi uliotoboka, kwa kuwa sumu iliyobaki huikata na faibrinojeni mpya. Sumu ikishazuiwa, ini hujaza akiba, na kwa kawaida kipimo cha mrija hurudiwa kila baada ya saa 6.

Seramu si rahisi kupatikana. Fav-Afrique, iliyotegemewa katika nchi nyingi za Afrika, iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na shehena ya mwisho ilikwisha muda wake mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Seramu ya maji huhitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na lazima kuwe na adrenalini pembeni kwa ajili ya mzio. Kwa hiyo hatushauri usharika wowote ununue seramu na kuiweka ofisini kwa mchungaji. Mahali pake ni hospitali.

Habari kutoka Kilifi

Mnakumbuka jaribio la 1978, la kuondoa zinki. Ikiwa makali ni zinki, je, haiwezekani kumpa mgonjwa dawa inayoinyakua? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Liverpool walionyesha kwamba unithiol, dawa ya zamani ya kutibu sumu ya zebaki na metali nyingine, iliwakinga panya dhidi ya sumu ya nyoka wa jamii ya Echis, ambao kwetu Afrika Mashariki wanapatikana Kenya kaskazini. Dawa hiyo humezwa, haihitaji jokofu, na haijali sana nyoka ni wa aina gani, kwa kuwa inalenga metali na si umbo la protini nzima. Baada ya hapo ilijaribiwa Kilifi, pwani ya Kenya, na watafiti wa KEMRI-Wellcome, kwa watu wazima wenye afya waliojitolea, ili kupima usalama na kiasi cha kumeza. Hawa hawakuwa wameumwa na nyoka. Kutoka hapo hadi dawa ya zahanati bado kuna majaribio, na tunaomba mtu asiende kuitafuta dukani. Hata ikifanikiwa haitazuia protinasi za serini wala bitistatini, kwa sababu hizo hazina zinki. Lakini inawezekana siku moja mgonjwa akamezeshwa vidonge zahanati ya kijiji, mundu ukapoteza makali wakati pikipiki ingali njiani.

Kwa sasa pikipiki yenyewe ndiyo dawa tuliyo nayo. Kamati ya Nyamigogo ilikuwa imetenga fungu la kununua mawe jeusi mapya kwa mitaa yote. Baada ya mjadala mrefu, na wazee wawili wakipinga hadi mwisho, fungu hilo limegeuzwa kuwa fuko la usafiri wa dharura, likiwa mikononi mwa mwinjilisti wa kila mtaa, ili dereva wa bodaboda asisubiri ndugu wachangishane. Tulichoongeza sisi ni gambuti na kijiti kirefu cha kupekulia majani kwa wanaotandaza migomba, kwa sababu kifutu hakimbii akisikia hatua. Hutulia akitegemea rangi yake.

Sharika nyingine zinazotaka kufanya hivyo zilete mapendekezo kabla ya kikao cha bajeti. Ndugu wafadhili, mirija ya kioo ya maabara ni ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu tulichowahi kuwaomba. Tungependa kila zahanati tunayofanya nayo kazi iwe nayo mipya wakati wote. Masanduku yenye jiwe jeusi yarudishwe ofisini kupitia kwa wainjilisti. Tutatoa jiwe, tutaweka banzi, bandeji pana na tochi, na kuyarudisha katika mwezi huo huo.